Barua ya wazi kwa wasimamizi wa utafiti: mdogo wangu alipangwa kundi gani?

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Kwa Mtafiti Mkuu,
Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Utafiti.

YAH: KUTOTOLEWA KWA MATOKEO YA UTAFITI WA MAJI YA DRIPU KWA WAGONJWA MAHUTUTI

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima, na ninawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeimaliza. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono wangu na ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliambiwa imo kwenye faili. Ya tatu haikujibiwa. Ya nne ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala langu linafanyiwa kazi, na tangu jibu hilo umepita mwaka mmoja na miezi mitano. Sina ugomvi na wauguzi wala madaktari waliomhudumia mdogo wangu; walikesha naye, na kama leo anaketi nasi mezani ni kwa juhudi zao. Ninacholalamikia ni ukimya uliofuata baada ya yeye kutoka.

Kwa wasomaji wasiokijua kisa hiki, nitakieleza kwa ufupi. Mdogo wangu, ambaye ni fundi seremala, alipasuka kidole tumbo, akachelewa kufikishwa hospitali, na maambukizi yakasambaa mwilini. Alipotoka chumba cha upasuaji shinikizo lake la damu lilikuwa limeporomoka, figo zilikuwa zimeanza kugoma, na fahamu hakuwa nazo. Hali hiyo wataalamu huiita sepsisi: mwili unapambana na maambukizi kwa namna inayogeuka na kuumiza viungo vyake wenyewe. Saa tisa usiku, nje ya mlango wa wadi ya wagonjwa mahututi, daktari kijana aliniletea fomu yenye kurasa sita, akanieleza kwamba kuna utafiti unaolinganisha njia mbili za kuinua shinikizo la damu. Kundi la kwanza lingepewa maji mengi ya dripu, na dawa ya kubana mishipa ingefuata tu iwapo maji yangeshindwa kazi. Kundi la pili lingepewa maji kidogo na dawa hiyo ikaanzwa mapema. Nani aingie kundi lipi kungeamuliwa na kompyuta kwa nasibu. Nilisaini. Mkono ulikuwa unatetemeka, lakini nilichokisaini nilikielewa, kwa maana mimi ni mwalimu wa hesabu, na wazo la kuwagawa watu kwa nasibu ili ulinganisho uwe wa haki halikunitisha.

Alikaa katika wadi ile siku 19, na kwa siku 11 kati ya hizo alipumua kwa msaada wa mashine. Wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani nilimsimulia yote yaliyompata akiwa hajitambui, pamoja na habari ya utafiti, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Dada, mimi nilipangwa kundi gani?" Nikamjibu kwamba nitauliza. Sasa ni mwaka wa nne ninauliza.

Malalamiko yangu ni matano, na si yote yenye uzito sawa.

1. Matokeo ya utafiti hayajatolewa.

Utafiti ulifunga uandikishaji miezi miwili baada ya mdogo wangu kuruhusiwa. Ukurasa wa tano wa fomu niliyosaini unaahidi kwamba matokeo yatatolewa kwa umma na kwa washiriki wanaoyataka. Katika daftari la wazi la usajili wa tafiti, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma, utafiti huo bado umeandikwa kwamba unaendelea. Haiwezekani uwe unaendelea wakati mlango wake ulishafungwa. Ama daftari halijarekebishwa, jambo ambalo ni uzembe, au limeachwa hivyo ili pasiwe na tarehe ya kuanzia kuhesabu ucheleweshaji, na hilo ni zito zaidi. Natamani sana iwe ni uzembe tu.

Kanuni za jambo hili mnazijua kuliko mimi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba matokeo makuu ya jaribio la kitabibu yawekwe kwenye daftari la usajili ndani ya miezi 12 tangu jaribio likamilike, na yachapishwe katika jarida ndani ya miezi 24. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, linasema kwamba matokeo mabaya na yale yasiyoonyesha tofauti nayo sharti yawekwe wazi sawa na yale mazuri, na kwamba washiriki wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla. Nakala ya Azimio hilo imebandikwa ukutani nje ya ofisi ya Kamati ya Maadili. Nimeisoma mara nyingi, kwa kuwa benchi la kusubiria lipo mkabala nayo.

Lakini sidai haya kwa ajili ya kanuni peke yake. Nimetumia likizo zangu kusoma habari za maji ya dripu, na nimegundua kwamba swali ambalo mdogo wangu alisaidia kulijibu limewahi kugharimu maisha ya watu pale lilipochukuliwa kuwa lina jibu tayari.

Kwa miongo mingi ilionekana ni jambo lisilohitaji ushahidi kwamba mgonjwa ambaye shinikizo lake limeanguka ajazwe maji haraka. Mishipa imelegea, damu haifiki kwenye viungo, kwa hiyo ongeza maji. Hata mtoto wa shule angefikiri hivyo. Kisha wakaja watafiti wa jaribio lililoitwa FEAST, lililofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia mwaka 2009. Waliwachukua watoto wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini, wakiwaacha nje wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali, na wakawagawa kwa nasibu: wengine wapewe maji mengi kwa haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, na wengine wapewe maji ya kawaida ya polepole tu. Lengo lilikuwa kuwaandikisha watoto 3,600. Walipofika 3,141 jopo la kusimamia usalama likashauri jaribio lisimamishwe. Katika saa 48 za mwanzo walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka kabisa. Maana yake ni kwamba, katika kila watoto 100 waliopewa tiba ambayo kila mtu aliiamini, watatu hivi zaidi walikufa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, mwaka uleule ambao jaribio lilisimamishwa.

Wapo waliosema kwamba watoto si watu wazima. Kwa hiyo, kati ya 2012 na 2013, watafiti wa Lusaka nchini Zambia waliwachukua watu wazima 212 wenye sepsisi na shinikizo la chini, wengi wao wakiishi na VVU. Nusu walitibiwa kwa utaratibu wa kumimina maji mapema pamoja na dawa za kupandisha shinikizo na kuongezewa damu, na nusu wakapata huduma ya kawaida. Katika saa sita za mwanzo kundi la kwanza lilipata takriban lita 3.5, na la pili lita 2. Waliokufa hospitalini walikuwa asilimia 48.1 katika kundi la utaratibu mpya na asilimia 33 katika kundi la huduma ya kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017.

Halafu, katika hospitali zilizojaa mashine, jibu limekuwa jingine. Jaribio la CLASSIC huko Ulaya, lenye wagonjwa 1,554, lilitoa vifo vya asilimia 42.3 kwa waliopewa maji kidogo na 42.1 kwa waliopewa kama kawaida, vikihesabiwa hadi siku ya 90. Jaribio la CLOVERS nchini Marekani, lenye wagonjwa 1,563, lilitoa asilimia 14.0 na 14.9. Hakuna tofauti ya maana katika yote mawili. Waandishi wa mwongozo wa kimataifa wa sepsisi, ambao mwaka 2016 walipendekeza kwa nguvu kwamba mgonjwa apewe angalau mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu, mwaka 2021 walilishusha pendekezo hilo na kulifanya kuwa dhaifu.

Ukiyaweka matokeo hayo bega kwa bega, swali linalobaki ni lile ambalo utafiti wenu uliandikwa kulijibu: je, katika hospitali ambayo ina wadi ya mahututi lakini mashine zake ni za kuhesabu, na muuguzi mmoja huangalia wagonjwa kadhaa, maji mengi yanaokoa, yanaua, au hayana tofauti? Jibu la swali hilo, au kipande chake, limo ndani ya kabati lenu. Ndiyo sababu sikubali kuambiwa kwamba jambo hili si la dharura.

2. Mwenye mwili hakuulizwa.

Sisemi kwamba ilikuwa kosa kuniomba ridhaa mimi. Utafiti wa wagonjwa mahututi usingewezekana kama kila mmoja angesubiriwa azinduke, na wanaopinga tafiti za aina hii kwa sababu hiyo wanasahau kwamba kumtibu mtu kwa mazoea ambayo hayajapimwa nako ni kumjaribia, tofauti ni kwamba hakuna anayeandika kilichotokea. Lakini Azimio la Helsinki linataka kwamba mtu aliyeingizwa katika utafiti akiwa hajitambui, ridhaa ya kuendelea kubaki ndani yake itafutwe mapema iwezekanavyo, kwake mwenyewe au kwa anayemwakilisha kisheria. Mdogo wangu alizinduka siku ya 12. Alikaa wiki nzima akiwa na akili zake, akiuliza matokeo ya mpira. Hakuna aliyemwendea na kumwambia kwamba taarifa zake zinakusanywa, wala kumuuliza kama ziendelee kutumika.

Yeye mwenyewe hana kinyongo na hilo, na amenituma niandike hivyo. Angekubali. Lakini kukubali kwake kungekuwa kitu chake, na hakupewa.

Nitaongeza jambo dogo kuhusu usiku ule. Daktari kijana aliyeniletea fomu alikuwa mwungwana na alijibu maswali yangu yote, ila nakala yangu ya fomu niliipata baada ya kuiomba mara tatu, siku mbili baadaye. Kama nisingeing'ang'ania, leo nisingekuwa na ukurasa wa tano wa kuwanukulia. Ndugu wengi waliokuwa kwenye korido ile hawakuwa na nguvu za kung'ang'ania chochote.

3. Tiba inaendelea kutolewa kana kwamba swali halikuwahi kuulizwa.

Nilipomuuliza muuguzi mmoja wa zamu, kwa adabu na bila kutaka kumponza, ni njia ipi kati ya zile mbili inatumika sasa katika wadi, alinijibu: "Inategemea daktari wa zamu." Ninamwamini. Hii ina maana kwamba wagonjwa bado wanagawanywa katika makundi mawili, safari hii na ratiba ya zamu badala ya kompyuta, na hakuna anayehesabu.

Tiba ya wagonjwa mahututi ina historia inayopaswa kumpa kila mmoja wetu hofu ya mazoea. Kwa zaidi ya miaka 30 watu walioumia kichwa vibaya walipewa dawa za steroidi kwa imani kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo. Jaribio la CRASH, lililosimamishwa mwaka 2004 baada ya kuandikisha wagonjwa 10,008, lilionyesha kwamba ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi na asilimia 17.9 ya ambao hawakupewa. Fikirieni ni watu wangapi duniani walipewa dawa hiyo kabla mtu hajafikiria kuhesabu.

Mfano wa sukari unanigusa zaidi, kwa sababu unaonyesha kwamba hata utafiti uliofanywa vizuri hautoshi ukiwa peke yake. Mwaka 2001 hospitali moja ya Leuven, Ubelgiji, ilichapisha matokeo ya wagonjwa 1,548, wengi wao wakitoka kwenye upasuaji, yakionyesha kwamba kuidhibiti sukari ya damu kwa kuibana sana kwa insulini kulipunguza vifo. Wadi nyingi duniani ziliiga. Mwaka 2009 jaribio la NICE-SUGAR, lenye wagonjwa 6,104 katika hospitali nyingi, likatoa jibu la kinyume: vifo vya asilimia 27.5 kwa waliobanwa sukari na 24.9 kwa ambao hawakubanwa. Kama watafiti wa NICE-SUGAR wangeyafungia matokeo yao kwa kuwa hayakuwa yale yaliyotarajiwa, wadi zingeendelea kuibana sukari hadi leo, na kila kifo kingeandikwa kwamba ni ugonjwa.

Na mnapotaka, mnaweza kwenda haraka. Simaanishi ninyi binafsi. Namaanisha taaluma yenu. Mwaka 2020, katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, uandikishaji wa wagonjwa wa kujaribiwa dexamethasone, dawa ya jamii ya steroidi, ulisimamishwa tarehe 8 Juni na matokeo yakatangazwa tarehe 16 Juni. Siku nane. Kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilikuwa asilimia 29.3 kwa waliopata dawa na 41.4 kwa wasiopata, na dawa yenyewe ni ya bei rahisi na ya zamani. Sidai siku nane. Nilikuwa tayari kusubiri miezi 12, na hata 24.

4. Kilichopimwa kinaishia mlangoni.

Fomu inasema kipimo kikuu ni kama mgonjwa yu hai au amekufa siku ya 28. Siku ya 28 mdogo wangu alikuwa hai, kwa hiyo katika jedwali lenu yeye ni ushindi, na kwangu pia ni ushindi. Ila siku ile alikuwa hawezi kushika kijiko. Miezi sita baadaye alikuwa hawezi kusukuma randa kwa zaidi ya dakika chache, alikuwa anasahau vipimo alivyokwisha kuvichukua, na usiku alikuwa anaamka akipigana na mirija ambayo haikuwepo. Tulidhani ni uoga. Hakuna aliyetuambia kwamba hali hiyo inajulikana, kwamba mwaka 2003 watafiti wa Kanada walichapisha habari za watu 109 waliopona baada ya mapafu kushindwa kazi na kukuta kwamba mwaka mzima baadaye ni karibu nusu tu waliokuwa wamerudi kazini, na kwamba tangu mwaka 2012 mkusanyiko huo wa udhaifu wa misuli, usahaulifu na hofu unaowapata waliotoka wadi za mahututi una jina lake la kitaalamu.

Ninatambua kwamba kuwafuatilia watu majumbani kuna gharama. Lakini fomu iliniomba namba mbili za simu "kwa ajili ya ufuatiliaji", na simu hizo zote mbili hazijawahi kulia.

5. Wagonjwa mahututi walio nje ya wadi ya mahututi.

Hili ni dogo kwa kesi yangu lakini ni kubwa kwa wengine, na nitalisema kwa kifupi. Utafiti mkubwa wa Kiafrika uliochapishwa mwaka 2025, uliohesabu karibu wagonjwa 20,000 katika nchi 22, ulikuta kwamba mmoja katika kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na kwamba asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa wamelazwa katika wadi za kawaida. Zaidi ya nusu ya wagonjwa mahututi hawakuwa wanapata huduma za msingi walizozihitaji, kama vile oksijeni na maji ya dripu. Utafiti wenu uliandikisha walio ndani ya wadi maalumu peke yao. Naomba unaofuata uanze kwa kutazama korido nzima.

Sasa niseme kuhusu majibu ambayo nimeyasikia kwa mdomo, ingawa hakuna aliyekubali kuyaandika.

Niliambiwa kwamba idadi ya wagonjwa iliyolengwa haikutimia, kwa hiyo matokeo "hayana nguvu". Kama mwalimu wa hesabu naomba kulipinga hilo. Tafiti ndogo za swali moja hujumlishwa. Jaribio la wagonjwa 200 lenye majibu yanayoyumba likiwekwa pamoja na mengine kumi ya aina hiyo hutoa jibu lililotulia. Lakini jaribio lililofichwa haliwezi kujumlishwa na chochote, na yale yanayofichwa mara nyingi ni yale yaliyokosa tofauti, kwa hiyo jumla inayobaki hadharani inaegemea upande mmoja. Mwanafunzi akifuta majibu asiyoyapenda kabla ya kutafuta wastani, huwa namrudishia daftari lake.

Niliambiwa fedha za mfadhili ziliisha. Kujaza jedwali la matokeo kwenye daftari la usajili ni kazi ya siku chache, na haihitaji mfadhili. Niliambiwa pia kwamba jarida moja liliikataa makala. Yapo mengine mengi, na daftari la usajili halikatai mtu.

Niliambiwa kwamba kundi la mdogo wangu ni siri ya utafiti. Siri dhidi ya nani? Haukuwa utafiti wa kuficha dawa ndani ya vidonge vinavyofanana. Chupa za dripu zilikuwa zinaning'inia mbele ya macho yetu. Taarifa hiyo imo kwenye faili lake la matibabu, naye ndiye anayeiomba.

Jibu la mwisho nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu aliyelitoa alilitoa kwa nia njema. Alisema watu wa kawaida wakisikia kwamba dripu inaweza kuua, watazikataa hata pale zinapowaokoa, kwa mfano mtoto anayeharisha. Hofu hiyo ina msingi. Mimi mwenyewe, niliposoma takwimu za FEAST kwa mara ya kwanza, nililazimika kurudi nyuma kusoma nani hasa waliandikishwa na nani waliachwa, na ndipo nilipoona kwamba walioharisha hawakuwemo. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kueleza vizuri, ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi, jambo ambalo wauguzi wenu wanalifanya kila siku vitandani. Na isitoshe, mliniamini usiku wa manane kwamba nina akili ya kutosha kuelewa fomu ya kurasa sita na kuisaini kwa niaba ya ndugu yangu. Akili hiyo haikunitoka kulipokucha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na nimeweka muda kwa sababu maombi yasiyo na muda nimekwisha kuyaleta mara nne:

a) Ndani ya siku 30, Mtafiti Mkuu arekebishe taarifa kwenye daftari la usajili, aandike tarehe halisi ambayo utafiti ulifungwa na idadi ya wagonjwa walioandikishwa katika kila kundi.

b) Ndani ya siku 90, matokeo makuu yawekwe kwenye daftari hilohilo, yawe yanapendeza au hayapendezi, hata kama makala ya jarida haijawa tayari.

c) Katika muda huohuo, kila mshiriki aliye hai, na ndugu wa kila aliyefariki wakitaka, waelezwe kundi alilokuwemo na utafiti ulikuta nini. Ndugu wa waliofariki waelezwe na mtu, ana kwa ana au kwa simu, si kwa barua.

d) Walionusurika ambao hawakuwahi kuulizwa waulizwe sasa kama wanaridhia taarifa zao ziendelee kutumika.

e) Kamati ya Maadili isipitishe ombi jipya la utafiti kutoka timu hiyo hadi (a) na (b) zitimizwe, na ianze kudai taarifa ya mwisho kwa kila utafiti iliouidhinisha. Kwa haya mawili Kamati haihitaji ruhusa ya mtu mwingine.

f) Mkurugenzi wa Hospitali atoe mwongozo wa wadi kuhusu maji ya dripu kwa wagonjwa wa sepsisi, hata ukiwa wa muda, ili mgonjwa asitegemee ratiba ya zamu.

Sidai fidia, wala sitaki mtu afukuzwe kazi. Nikipigiwa simu leo na kuambiwa kwamba mdogo wangu alikuwa kundi la maji mengi, au la maji kidogo, nitamwambia, naye ataitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi yake, ambayo sasa anaifanya kwa nusu siku. Na kama utafiti ulikuta kwamba kundi lake ndilo lililokuwa na vifo vingi zaidi, anataka kulijua hilo pia. Tumelizungumza.

Barua zangu nne za awali, pamoja na nakala ya fomu ya ridhaa, ziko katika ofisi zenu zikiwa na mihuri ya kupokelewa. Nambari ya mshiriki imeandikwa juu ya kila moja. Hapa sikuiandika kwa kulinda faragha yake. Nitafika kwenye benchi la Kamati ya Maadili Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, kama nilivyozoea.

Wenu anayesubiri majibu,

Dada wa mshiriki,
mwalimu wa hesabu.